Tazama Mkato: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Ushairi na Hekima katika Manga za Upanga

Yagyu Sekishusai, mzee aliyekwisha kuuweka upanga chini, anakata ua la peoni na kulituma liende pamoja na ujumbe wa kukataa pambano. Yoshioka Denshichiro analipokea, anaona ua, basi. Ua lile lile linapomfikia Miyamoto Musashi, mpiga upanga kijana wa Japani, yeye hashughuliki na petali. Anaangalia chini, pale shina lilipokatwa. Anakata kipande kingine kwa upanga wake mwenyewe, anaweka mikato miwili sambamba, na hapo anatambua kwamba aliyekata ule wa kwanza ni mtu wa daraja nyingine kabisa.

Tukio hilo limetoka katika riwaya ya Yoshikawa Eiji iliyotoka kwa mfululizo katika gazeti la Asahi Shimbun tangu 1935 hadi 1939, na Inoue Takehiko akaijengea juu yake Vagabond, manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) aliyoanza kuichora 1998. Mwongozo huu wote unasimama juu ya shina hilo. Wasomaji wengi wa manga za upanga wanatafuta ushairi kwenye petali, yaani zile sentensi nzito ambazo mtu anazipiga picha na kuzitupia kwenye stetasi. Ushairi wenyewe mara nyingi umekaa kwenye mkato: pale picha inaponyamaza, pale fremu moja, yaani kisanduku cha picha, inapokwisha na nyingine haijaanza, pale neno linapokomeshwa kabla halijaeleza kila kitu. Kiswahili kimetupa neno zuri sana hapa, maana mkato ni alama ya kisu mwilini na pia ni ile alama ya kupumulia katika sentensi. Washairi wa haiku, shairi fupi la Kijapani, nao wana kitu wanachokiita kireji, yaani neno la kukata.

Utahitaji juzuu moja, daftari la mistari, penseli, na siku tatu tofauti zenye dakika 45 kila moja. Juzuu ya manga huwa na kurasa 200 hivi, lakini usiisome yote kwa njia hii. Chagua sura moja tu ya kurasa 20 hivi. Ukitaka kufanya juzuu nzima kwa siku moja utachoka, na mtu aliyechoka husoma maneno tu, akaziacha picha.

Hatua ya 1: Chagua mlango wa kuingilia

Kama unataka ukimya, chukua Vagabond na ufungue juzuu ya 14. Hapo hadithi inamwacha Musashi na kuanza upya na Sasaki Kojiro akiwa mtoto mchanga, kwa hiyo unaweza kuingia bila kusoma zilizotangulia. Kojiro wa manga hii ni kiziwi. Hasikii, hasemi, na mchoraji amelazimika kubeba juzuu kadhaa kwa mikono, macho, maji na upepo. Hakuna shule bora ya kusoma picha. Ujue mapema kwamba Vagabond ina juzuu 37 na ilisimama 2015 kabla haijafika pambano la Musashi na Kojiro kisiwani Ganryujima, ambalo kwa masimulizi ya kawaida lilipigwa 1612. Usiisome kwa kusubiri mwisho.

Kama unataka ushairi ulioandikwa waziwazi, chukua Bleach ya Kubo Tite, juzuu 74 zilizotoka kuanzia 2001 hadi 2016. Kurasa za mwanzo za kila juzuu zina shairi fupi, na wasomaji wengi wanalipita kama tangazo. Ukianza na mashairi hayo peke yake, ukayasoma kabla ya sura ya kwanza na tena baada ya sura ya mwisho, utakuwa umepata nusu ya faida ya mwongozo huu.

Kimetsu no Yaiba ya Gotoge Koyoharu (2016 hadi 2020, juzuu 23) inafaa kwa anayependa majina ya mapigo yaliyotungwa kishairi. Rurouni Kenshin, yenye juzuu 28, inafaa kwa swali la upanga na uhai. Kozure Okami ya Koike Kazuo na mchoraji Kojima Goseki, 1970 hadi 1976, juzuu 28, ndiyo nzito kuliko zote. Ina mauaji na mambo ya faragha yasiyofaa watoto. Usiiache sebuleni wadogo wakaikuta.

Hatua ya 2: Angalia ala iko ubavu gani

Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, juu kwenda chini. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba baadhi ya matoleo ya zamani ya Kiingereza yaligeuzwa kama kwenye kioo ili msomaji wa Magharibi asisumbuke. Kipimo chake ni rahisi: samurai huvaa upanga ubavu wa kushoto na kuufuta kwa mkono wa kulia. Ukifungua kitabu ukakuta kila mtu ana ala ubavu wa kulia, hao si watu wa shoto wote, ukurasa umegeuzwa. Kozure Okami kwa Kiingereza ilitoka hivyo.

Kwa nini ni muhimu? Jicho la msomaji wa Kijapani linatoka kulia. Mchoraji anapotaka pigo liende pamoja na jicho, analichora likitoka kulia kwenda kushoto, na ukurasa unateleza. Anapotaka pigo lipingane na jicho, analigeuza, na msomaji anahisi kugonga kitu. Ukurasa uliogeuzwa kioo unahifadhi uhusiano huo ila mikono imebadilika. Mugen no Junin ya Samura Hiroaki, kwa Kiingereza, ilipewa dawa tofauti: fremu zilikatwa na kupangwa upya kutoka kushoto. Mikono ilibaki sahihi, lakini mtiririko wa ukurasa si ule aliouchora yeye. Ukisoma toleo hilo, usihukumu mwendo wa ukurasa. Hukumu fremu moja moja.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, usisome neno hata moja

Pitia sura yako kwa macho tu. Ukiona viputo vya maneno vinakuvuta, weka kipande cha karatasi juu yake. Kwenye daftari chora mistari miwili ya wima upate safu tatu: ukurasa, idadi ya fremu, idadi ya fremu zisizo na neno. Jaza sura nzima. Kazi hii inachukua kama dakika 20.

Sasa tazama namba. Kwa kawaida utaona kurasa zenye fremu tano, sita, saba, halafu ghafla moja yenye fremu moja au mbili. Hapo ndipo mchoraji amevuta pumzi. Ukikuta fremu tatu mfululizo bila neno, weka nyota. Wajapani huita nafasi hiyo ma, yaani upenyo kati ya kitu na kitu, na neno hilo hilo linatumika kwa umbali kati ya wapiga upanga wawili. Mwenye upanga akikosea ma anakufa. Mchoraji akikosea ma, pambano linakuwa vurugu ya mistari. Wahenga wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwenye manga ya upanga msemo huo una kipimo cha wazi: hesabu fremu za kimya kabla ya pigo. Zikiwa hazipo, pigo hilo halitakukaa kichwani hata kama limechorwa ukurasa mzima.

Baada ya kuhesabu, rudi kwenye nyota na uangalie mikono. Musashi wa kweli, katika hati ya Maji ya Gorin no Sho, kitabu chake cha upanga, anaeleza namna ya kushika upanga: kidole gumba na cha shahada viwe vyepesi, cha kati kisikazwe wala kisilegezwe, cha pete na cha mwisho vikaze. Mchoraji makini anajua jambo hili. Ukiona ngumi imekaza vidole vyote kama anayeshika mchi, jiulize kama mchoraji amekosea au anatuambia kwamba mtu huyu anaogopa. Katika Vagabond ni jambo la kawaida kumwona kijana mwenye kelele akikamata upanga kwa nguvu zote, na mzee akiushika kama anayeshika kifaranga. Hakuna neno lililosemwa, na tayari unajua nani atashindwa.

Hatua ya 4: Siku ya pili, sikiliza sauti

Maandishi makubwa yaliyochorwa ndani ya picha ni tanakali za sauti, na Kijapani kina nyingi kuliko lugha nyingi. Wafasiri wa Kiingereza mara nyingi hukwama hapa, maana lugha yao ni maskini upande huu. Sisi hatuna shida hiyo. Kiswahili kina pu ya kitu kizito kuanguka, chubwi ya kitu kutumbukia majini, tapwi ya matope, pe ya weupe, tuli ya kutulia, chapachapa ya kulowa.

Zijue chache: kiin ni chuma kugonga chuma, chin ni upanga kurudi alani na kufunga, zaa ni mvua kubwa, doki doki ni moyo unaodunda. Na iko moja inayostahili kukaa nayo: shiin. Hiyo ni sauti ya mahali ambapo hakuna sauti. Mchoraji anaiandika juu ya ua tupu baada ya pambano, na msomaji anasikia ukimya. Kiingereza kwa kawaida huandika neno lenye maana ya ukimya, na hapo sauti inapotea. Kiswahili kina jii: kimya jii. Andika jii kwenye daftari lako badala ya maelezo marefu.

Kazi ya siku ya pili ni kuandika tanakali zote za sura yako kwa mfuatano, mstari mmoja kila moja, kwa Kiswahili. Kisha soma orodha kwa sauti. Sura iliyochorwa vizuri itasikika kama ngoma: haraka, haraka, polepole, kimya, pigo moja. Orodha yako ikiwa na sauti za kugongana tu toka juu hadi chini, sura hiyo haina pumzi. Chagua nyingine.

Hatua ya 5: Hesabu mizani

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kubwa kuliko anavyofikiri. Haiku ina mistari mitatu ya 5, 7 na 5. Tanka inaongeza miwili ya 7 na kufika 31. Kinachohesabiwa hakilingani kabisa na silabi za Kiingereza, na ndiyo maana Waingereza na Wamarekani wanabishana kuhusu namna ya kuhesabu haiku. Lakini aliyefundishwa kuhesabu mizani za shairi la Kiswahili ana karibu kila anachohitaji.

Sheria ni nne. Konsonanti na irabu yake ni mizani moja: Mu-sa-shi ni 3. Irabu ndefu ni mizani mbili, kama kaa yetu ilivyo ka-a. Herufi n inayofunga silabi inahesabiwa peke yake, sawasawa na m ya mtu ambayo mshairi wa Kiswahili anaihesabu m-tu. Na konsonanti iliyokazwa nayo inachukua mizani yake: Nippon ni ni-p-po-n, yaani 4. Kosa la kawaida linatokea kwenye irabu ndefu, kwa kuwa maandishi ya Kilatini mara nyingi huzificha. Tokyo kwa masikio ya Mjapani ni to-o-kyo-o, 4, si 2.

Jaribu kwa haiku ya Matsuo Basho aliyoitunga 1689 alipofika Hiraizumi, mahali ambapo jemadari Minamoto no Yoshitsune na watu wake waliangamia miaka 500 kabla:

natsukusa ya
tsuwamonodomo ga
yume no ato

Na-tsu-ku-sa-ya: 5. Tsu-wa-mo-no-do-mo-ga: 7. Yu-me-no-a-to: 5. Kile kijineno ya mwishoni mwa mstari wa kwanza ndicho kireji. Hakina maana ya kamusi. Kazi yake ni kukata. Kabla yake kuna nyasi za majira ya joto. Baada yake kuna ndoto za mashujaa na alama zilizobaki. Basho hakusema nyasi zimemea juu ya makaburi. Ameweka vitu viwili, akakata katikati, akamwachia msomaji kazi ya kuviunga. Sasa fungua tena manga yako: fremu ya nyasi, mwanya mweupe, fremu ya upanga uliolala. Ni kitendo kile kile.

Rudi kwenye Bleach na uhesabu majina ya panga. Upanga wa mhusika Byakuya unaitwa Senbonzakura: se-n-bo-n-za-ku-ra, 7. Wa mwenzake Rukia ni Sode no Shirayuki: so-de-no-shi-ra-yu-ki, 7. Si majina yote yanafika hapo; Zangetsu ni 4, Hyorinmaru ni 6. Lakini ukisikia jina la 7 likija baada ya amri fupi ya kuuamsha upanga, yenye mizani mbili, unajua kwa nini linakaa mdomoni. Byakuya anasema chire, kisha jina. Rukia anasema mae, kisha jina. Amri mbili, saba za kuitikia.

Hatua ya 6: Majira ya mwaka, na mtego wa kiangazi

Haiku ya kawaida hubeba neno la majira, na wachora manga wamerithi tabia hiyo. Sakura zikichanua ni mwisho wa Machi na Aprili, na zinapukutika baada ya siku chache tu. Kelele za nyenje ni Julai na Agosti. Maua mekundu ya higanbana yanatokea karibu na tarehe 23 Septemba, wakati familia zinapozuru makaburi, kwa hiyo yakitokea nyuma ya mtu, mchoraji ametaja kifo bila kukitaja. Katika Kimetsu, maua ya mmea uitwao fuji yanafukuza mashetani.

Mtego wetu uko hapa. Majira ya joto ya Japani ni joto na unyevu. Nyasi humea kupita kiasi. Ukiifasiri natsukusa ya Basho kuwa nyasi za kiangazi, msomaji wa Dodoma au Garissa ataona nyasi kavu za kahawia, kinyume kabisa cha picha. Shairi linavunjika. Afadhali kuacha jina la majira na kuokoa nyasi:

Nyasi ni ndefu;
ndoto za mashujaa
hapa zakoma.

Ni 5, 7, 5, na nuktamkato ya mstari wa kwanza inafanya kazi ya ya. Tumepoteza zile alama zilizobaki, lakini nyasi ziko hai, na hizo ndizo zinazobeba shairi.

Hatua ya 7: Siku ya tatu, soma maneno, na uchague matatu tu

Ondoa karatasi kwenye viputo. Soma sura kwa kasi ya kawaida, kisha chagua sentensi zisizozidi tatu unazoona zina hekima. Ukiandika kumi hutazipima hata moja. Kila sentensi ipite maswali matatu.

La kwanza, nani anasema, akiwa katika hali gani? Katika Vagabond, Musashi kijana anatafuta kuwa tenka muso, asiye na kifani chini ya mbingu. Mtu anayemwambia kwamba hayo ni maneno tu ni Sekishusai, mzee aliyelala kitandani, ambaye watu wote wanamhesabu kuwa ndiye. Sentensi hiyo ikitoka kwa mtu aliyeshindwa ni kisingizio. Ikitoka kwa yule mzee ina uzito, kwa sababu anakitupa kitu alicho nacho mkononi.

La pili, ndani ya kurasa 40 zinazofuata, sentensi hiyo inabadilisha nini? Hekima ya kweli ndani ya hadithi inaacha alama kwenye mwili au kwenye uamuzi wa mtu. Kama hakuna kilichobadilika, mwandishi alikuwa anapamba.

La tatu, nani analipa? Swali hili ndilo linalookoa msomaji wa Kozure Okami. Ogami Itto anaweka mpira na upanga mbele ya mwanawe Daigoro, mtoto asiyejua kusema. Akigusa mpira, atamfuata mama yake aliyekufa. Akigusa upanga, atatembea na baba njia ya jehanamu. Mtoto anagusa upanga. Wasomaji wengi huchukua tukio hilo kama somo la msimamo wa kiume. Lipime: msimamo ni wa baba, bei inalipwa na mtoto, kila juzuu, hadi ya 28. Mtu akiliona hilo, anaona pia kwa nini Kojima anarudi tena na tena kwenye uso wa yule mtoto. Hekima imo kwenye uso huo, na maneno ya baba yanapaswa kusomwa pamoja nao.

Hatua ya 8: Tenganisha Musashi watatu

Nusu ya misemo ya Musashi inayozunguka mitandaoni haijulikani ni ya nani. Ipo mitungi mitatu, na usichanganye maji yake. Wa kwanza ni mtu wa kihistoria, aliyefariki 1645. Aliachia Gorin no Sho, aliyoanza kuiandika 1643 katika pango la Reigando huko Kumamoto, yenye hati tano za Ardhi, Maji, Moto, Upepo na Utupu, na Dokkodo, kanuni 21 za mtu anayekwenda peke yake. Wa pili ni wa riwaya ya Yoshikawa. Wa tatu ni wa Inoue. Ukinakili sentensi, andika pembeni namba 1, 2 au 3. Usipoweza kuitaja namba, usiinakili.

Musashi wa kwanza ni mkavu kuliko mashabiki wanavyotarajia. Anazungumzia vidole, nyayo, na mahali pa kusimama jua likiwa mgongoni. Hapo ndipo utamu wake: anasema jicho la kutambua liwe na nguvu, jicho la kutazama liwe dhaifu. Ukiisoma kama ushauri wa kusoma manga, inafanya kazi neno kwa neno.

Takuan, mtawa mkorofi wa Vagabond, naye alikuwepo kweli. Takuan Soho aliishi kuanzia 1573 hadi 1645 na alimwandikia Yagyu Munenori, mtoto wa yule mzee wa peoni, waraka kuhusu akili isiyokwama. Mfano wake mmoja ni mti: jicho likisimama kwenye jani moja, majani mengine hayaonekani. Mwingine ni Kannon, mtakatifu wa Kibuddha mwenye mikono elfu: akili ikikwama kwenye mkono mmoja, mikono 999 haina kazi. Munenori mwenyewe, katika Heiho Kadensho ya 1632, aliandika juu ya upanga unaoua na upanga unaohuisha. Wazo hilo la pili ndilo linaloendesha Rurouni Kenshin, iliyowekwa mwaka 1878, miaka miwili baada ya serikali ya Meiji kupiga marufuku watu kutembea na panga. Shujaa wake anabeba sakabato, upanga ambao makali yake yamegeukia upande wa mbebaji. Kiapo chake amekigeuza chuma: akitaka kuua, lazima kwanza ageuze upanga, na sekunde hiyo moja inatosha kukumbuka.

Angalizo moja la historia. Vita vikubwa viliisha Osaka 1615, na maandiko mengi ya hekima ya samurai yaliandikwa wakati wa amani. Hagakure ni maneno ya Yamamoto Tsunetomo yaliyonakiliwa kati ya 1709 na 1716, karibu karne nzima baadaye. Mtu anayesifia kifo akiwa hajaona vita asomwe kwa uangalifu zaidi ya anayeeleza namna ya kushika mpini.

Hatua ya 9: Fasiri, kisha tunga

Chukua zile sentensi tatu uzilete katika Kiswahili. Kama umesoma kwa Kiingereza, tayari uko mikono miwili mbali na chanzo, kwa hiyo tafuta neno la Kiswahili linalofanya kazi ile ile, hata kama si tafsiri ya lile la Kiingereza. Ile chire ya Byakuya ni kitenzi cha petali na majani kuanguka. Wengi wataandika tawanyika. Kiswahili kina pukutika, ambalo ni la majani na maua hasa, litumie. Katika Kimetsu, mtindo wa upanga uitwao Pumzi ya Maji una mapigo kumi, na Tomioka Giyu akaunda la kumi na moja akaliita Nagi, yaani hali ya bahari upepo ukikata. Mtu wa Lamu au wa Pemba hahitaji maelezo: shwari. Nyuzi za shetani buibui zinamjia Giyu, yeye amesimama, na zote zinaanguka. Shwari.

Mwisho, chukua ukurasa wako wa nyota uutungie mara mbili, kwanza kwa 5-7-5, halafu ubeti wa tarbia wa mizani 16, nane kila upande, wenye vina. Haiku inakufundisha kuacha. Tarbia inakufundisha kubeba. Huu ni mfano wa peoni ya Sekishusai:

Ua mezani;
aliyeona shina
alinyamaza.

Na tarbia yake:

Shina limekatwa moja, jeraha lake laini,
Macho mengi yalikuja, hayakuona thamani,
Ni mmoja alongoja, akalisoma shinani,
Upanga hauna hoja, jibu limo mkatoni.

Hesabu kwa vidole kabla hujaridhika. Makosa matatu hujirudia kwa wanaoanza: kuisahau m ya mmoja na ya mkatoni, ambayo kila moja ni mizani kamili, kuhesabu nd au ng kuwa mizani mbili, ilhali ndoto ni ndo-to na upanga ni u-pa-nga, na kueleza katika mstari wa mwisho kile ambacho picha ilikwisha kukisema. Kosa la tatu halionekani kwa kuhesabu. Funika mstari wa mwisho kwa kidole, soma mitatu ya juu, na kama hukukosa kitu, ufute utunge mwingine.

Ukimaliza, andika tarehe na namba ya juzuu juu ya ukurasa, acha mistari minne mitupu chini yake, na baada ya miezi mitatu urudi kwenye sura ile ile. Mara nyingi ukurasa uliouwekea nyota utakuwa umehama.